Kuinua nyuma ya pikapu: inchi mbili na kila kinachoguswa nazo

Ukifika gereji na Hilux iliyochuchumaa nyuma, swali la kwanza utakaloulizwa ni "unataka ipande inchi ngapi?" Si swali la kijinga, maana inchi ndizo zinazouzwa. Ila kabla ya inchi kuna swali jingine ambalo mafundi wengi huliruka: kwa nini unataka ipande?

Wanaolalamikia nyuma ya pikapu wako wa aina tatu, na gereji huwapa wote dawa moja. Wa kwanza springi zake zimechoka. Gari lilikuwa limesimama vizuri likiwa jipya, leo limelala hata likiwa tupu. Wa pili gari lake tupu limesimama sawa, ila akipakia mahindi bampa ya nyuma inakaribia lami na taa za mbele zinamulika popo. Wa tatu hana tatizo lolote. Anataka tairi kubwa zaidi, au anapita njia yenye makorongo, au anapenda tu gari likae juu. Wa kwanza anahitaji springi mpya. Wa pili anahitaji kupima mzigo wake kabla ya kugusa springi. Huyo wa tatu peke yake ndiye anayehitaji kweli kuinua.

Kujua uko kundi gani hakuhitaji mashine. Simamisha gari tupu mahali tambarare, chukua futi, pima kutoka katikati ya hab (kitovu) ya gurudumu la nyuma kwenda juu mpaka ukingo wa madigadi. Fanya hivyo kulia na kushoto, uandike. Usipime kutoka chini, kwa sababu upepo wa tairi utakudanganya. Pande mbili zikitofautiana zaidi ya sentimita moja na nusu hivi, usiongelee kuinua kwanza. Lala chini uangalie jani lipi la springi limekatika.

Nasema hivi kwa sababu iliwahi kunitokea. Gari lilikuwa limeegemea kushoto, nikaenda gereji moja, wakaniwekea bloku, vipande vya chuma vya kupandishia gari, za inchi mbili, ya kushoto wakaizidishia kidogo ili gari likae sawa. Likakaa sawa kweli. Miezi michache baadaye fundi mwingine akafungua springi ile na kukuta jani la pili limekatika katikati, mahali ambapo U-bolti (bolti yenye umbo la U) na bamba lake huliziba lisionekane. Kutu ilikuwa imeshaingia kwenye mkato; lilikuwa limekatika zamani. Nililipia bloku za kuficha springi iliyovunjika.

Ekseli imeshikwa na nini?

Pikapu nyingi za kazi tulizonazo huku, Hilux, D-Max, L200, Land Cruiser ya mfululizo wa 70, zina springi za majani nyuma. Kila upande kuna fungu la majani ya chuma yaliyopinda, yamebanwa katikati na senta bolti. Jicho la mbele la springi limefungwa moja kwa moja kwenye chesisi. Jicho la nyuma linaning'inia kwenye sheko, vile vibamba viwili vinavyocheza, kwa sababu springi ikinyooka huwa ndefu na lazima ipate pa kwenda. Ekseli, mhimili wa magurudumu ya nyuma, nayo imefungwa kwenye fungu hilo kwa U-bolti mbili kila upande.

Kilichofichika katika maelezo hayo ni kwamba springi ya majani haifanyi kazi ya kubeba tu. Ndiyo hiyo hiyo inayoizuia ekseli isiende mbele, nyuma wala pembeni, na ndiyo inayoizuia isijizungushe unapokanyaga mafuta au breki. Gari lenye springi za koili huwa na mikono ya chuma kwa kazi hizo. Kwenye springi za majani hakuna msaidizi. Kwa hiyo ukibadilisha namna springi inavyokutana na ekseli, umegusa uzito, mwelekeo, breki na propela (shafti inayopeleka nguvu nyuma) kwa mkupuo mmoja.

Njia za kupandisha

Njia ya kwanza ni kufunga springi mpya zenye upinde mkubwa zaidi. Ni ghali kuliko nyingine na ndiyo iliyo salama zaidi, kwa sababu fungu zima limetengenezwa kwa urefu huo na uzito uliotajwa. Ukinunua, muuzaji lazima akuulize unabeba kilo ngapi kwa kawaida. Asipokuuliza, anauza chuma tu.

Njia ya pili ni kuongeza jani. Jani linaloongezwa hupandisha gari kidogo na kulifanya gumu, na ugumu huo haukuachi hata ukiwa mtupu. Kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi, pikapu ngumu isiyo na mzigo hurukaruka nyuma, na gurudumu lililo hewani halina breki wala mshiko. Pia urefu wa jani una maana. Jani fupi likiwekwa chini ya fungu, majani ya juu yake hupinda pale ncha zake zinapoishia, siku baada ya siku, mpaka yanakatika hapo hapo. Jani refu linalokaribia macho ya springi hutawanya mzigo. Halafu kuna mtindo wa kupasha springi ya zamani moto na kuipinda upya kwa nyundo. Chuma cha springi kimepata tabia yake kwa kuchemshwa na kupozwa kwa kipimo. Ukikipasha kwa gesi kando ya barabara umeifuta tabia hiyo: kitasimama juu wiki kadhaa kisha kitalala, au kitakatika. Kuchomelea springi ni hivyo hivyo.

Njia ya tatu ni sheko ndefu. Ni rahisi, na wengi hushangaa gari lisipopanda walivyotarajia. Ekseli iko karibu na katikati ya springi, kwa hiyo ukishusha mwisho mmoja tu, katikati husogea nusu yake. Sheko iliyoongezwa inchi 2 hupandisha gari kama inchi 1. Zaidi ya hapo, mwisho wa nyuma wa springi ukishuka, ekseli nzima inazunguka kidogo na pua ya difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli, inatazama juu, jambo linaloisumbua propela kama tutakavyoona. Sheko ndefu sana pia huyumba pembeni, na dereva huisikia kwenye kona kama nyuma ina mawazo yake.

Ya nne ni bloku, kipande cha chuma kinachowekwa kati ya ekseli na springi. Hapa nitakaa, kwa kuwa ndiyo inayofungwa zaidi na ndiyo inayofungwa vibaya zaidi.

Bloku na wenzo

Bloku inafanya kazi pale tu springi iko juu ya ekseli, kama ilivyo kwenye pikapu nyingi za magurudumu manne. Kuna pikapu fupi za magurudumu mawili ambazo springi ziko chini ya ekseli. Ukiweka bloku huko unalishusha gari.

Uzuri wake ni kwamba haiongezi ugumu. Gari linanesa vilevile, limepanda tu. Gharama yake haionekani mpaka uikokotoe. Breki inapokamata, lami inaisukuma tairi kwa nyuma, na nguvu hiyo inataka kuikunja springi. Wenzo wake ni umbali kutoka chini mpaka kwenye springi. Tuseme kutoka chini mpaka katikati ya ekseli ni sentimita 38, na springi imekaa sentimita 5 juu ya hapo: jumla 43. Bloku ya sentimita 5 inaufanya wenzo uwe 48, yaani nguvu ya kuikunja springi imeongezeka kama asilimia 12. Bloku ya sentimita 10 inaufikisha 53, karibu asilimia 23. Springi ni ile ile.

Matokeo yake utayaona ukiwa nje na mwenzako akiliondoa gari kwa nguvu kwenye mlima: springi inajikunja kama herufi S, pua ya difu inanyanyuka, kisha inarudi kwa kishindo. Ndani ya gari unasikia mtetemo au mdundo chini ya kiti. Ndiyo maana bloku za nyuma zina kikomo cha busara, inchi 2, labda 3 kwa gari lisilobeba sana, na ndiyo maana hazifungwi kabisa kwenye ekseli ya mbele, ambako breki ndiko zinakofanya kazi kubwa.

Bloku yenyewe iwe chuma kizima, pana kama kitako cha springi, na iwe na chuchu upande mmoja na tundu upande wa pili. Kichwa cha senta bolti kinaingia kwenye tundu, chuchu inaingia kwenye ekseli, na hapo hakuna kinachoteleza. Usipange bloku mbili moja juu ya nyingine. Usitumie bomba lililochomelewa vibamba. Nimeshaona kipande cha mti mgumu kimefungwa pale, mwenyewe akisema ni mninga na hauozi. Sibishani na mninga kwenye kitanda.

U-bolti za zamani hazirudi. Kwanza zitakuwa fupi. Pili, U-bolti hufanya kazi kwa kuvutwa: ukiikaza inanyooka kidogo na kule kunyooka ndiko kunakobana. Iliyokwisha kunyooshwa mara moja na kuliwa na kutu haitabana tena kwa kipimo kile kile. Kazia kwa spana ya kipimo kwa namba iliyo kwenye kitabu cha gari lako, kwa msalaba, kidogo kidogo, nati zote nne zikienda pamoja.

Breki inayodanganywa

Hili ndilo ambalo sijawahi kumsikia muuza bloku akilitaja. Lala chini ya Hilux nyingi za miaka ya nyuma, angalia juu ya difu: kuna valvu ndogo ya breki imefungwa kwenye chesisi, na kutoka hapo kuna kifimbo kinachoshuka hadi kwenye ekseli. Kazi yake ni kuhisi mzigo. Gari likiwa tupu, nyuma ni nyepesi na breki kali ingeyafunga magurudumu ya nyuma yateleze. Kwa hiyo valvu hupunguza nguvu ya breki inayokwenda nyuma. Ukipakia, chesisi inashuka, ekseli inaikaribia, kifimbo kinasukumwa, na valvu inaachia nguvu zaidi.

Valvu haijui uzito. Inajua umbali tu. Ukiweka bloku ya inchi 2, umeitenga ekseli na chesisi kwa inchi 2, na valvu inaamini gari ni jepesi kuliko tupu. Hata ukipakia gunia kumi, itadhani umepakia nusu. Breki za nyuma zinalala, za mbele zinafanya kazi yote, zinachemka mteremkoni, na umbali wa kusimama unaongezeka siku ile ile uliyobeba zaidi.

Dawa ni kibamba kinachoirudisha mizani: ama unaishusha valvu, ama unakipandisha kifimbo kwenye ekseli, kwa kiasi kile kile ulichopandisha gari, kisha unajaribu breki mahali pasipo na watu. Wako wanaokifunga kifimbo juu kwa waya ili breki ya nyuma iwe kali daima. Hao wamehamishia ajali upande wa pili: gari tupu, barabara yenye mvua, magurudumu ya nyuma yanafunga kwanza na gari linageuka kutazama lilikotoka. Magari mapya yanayogawa breki kwa kompyuta mengi hayana kifimbo hiki, kwa hiyo angalia lako kabla ya kununua chochote.

Ukiwa bado umelala hapo, fuata vyote vinavyotoka kwenye chesisi kwenda kwenye ekseli: hozi ya breki, nyaya za hendibreki, waya wa ABS, kipaipu cha kupumulia difu. Kila kimoja kilipewa urefu wa kutosha ekseli ikiwa imeshuka hadi mwisho wake wa zamani. Mwisho huo umesogea. Na shokapu: ikiwa fupi kuliko safari mpya ya ekseli, yenyewe ndiyo itakayobaki imeibeba ekseli kila gurudumu linapoingia shimoni, mpaka ing'oe kishikizo chake.

Propela nitaieleza kwa ufupi. Jointi zake mbili huzunguka bila mtetemo ikiwa pembe za pande zote mbili zinalingana, yaani pua ya boksi ya gia na pua ya difu ziko sambamba. Bloku iliyo bapa haivurugi ulinganifu huo, inazidisha tu ukali wa pembe. Sheko ndefu inauvuruga. Pikapu zenye propela ya vipande viwili hulalamika mapema zaidi: mtetemo ule unaousikia ukiondoka kwa gia ya kwanza na kupotea ukifika kilomita 30 kwa saa, mara nyingi unatoka kwenye beringi ya katikati, na huondoka ukiishusha kidogo kwa vipande vya chuma.

Kisha usukani. Hilux dabo kebini za kuanzia 2005 zina milimita 3,085 kati ya ekseli na ekseli. Pandisha nyuma milimita 50 peke yake, na gari zima limeinama mbele karibu nyuzi 1. Mlalo wa nyuma wa mhimili wa magurudumu ya mbele, ule unaoufanya usukani urudi wenyewe baada ya kona, huwa ni nyuzi chache tu, nawe umeupunguza kwa karibu moja. Usukani unakuwa mwepesi na gari linatangatanga kwenye mwendo. Peleka mbele ikapimwe alaimenti, urekebishe na taa.

Na mzigo? Kuinua hakuongezi hata kilo moja. Hilux nyingi zinaruhusiwa takriban tani moja, dabo kebini pungufu, na abiria wanahesabiwa humo humo. Gunia kumi za kilo 100 zimeshaimaliza tani, na tunajua lumbesa haina kilo 100. Springi ngumu hufanya jambo baya zaidi: huondoa dalili. Zamani gari lilichuchumaa na kukuambia limezidiwa. Sasa limesimama wima, huku beringi, tairi na chesisi vikibeba kile kile.

Kuingia chini

Sasa kazi yenyewe, na hapa watu hufa.

Hendibreki ya pikapu hizi inashika magurudumu ya nyuma. Gia ya kwanza nayo, kwenye gari la magurudumu mawili, inashika ya nyuma kupitia propela. Ukiyainua magurudumu ya nyuma, gari halina breki. Limebaki limesimama juu ya magurudumu mawili ya mbele yaliyo huru. Hata ukiinua moja tu, gia haikusaidii: difu inaliruhusu lililo hewani lizunguke na la chini lisogee. Kwa hiyo kabla ya jeki, weka magogo au kabari kubwa mbele na nyuma ya magurudumu yote mawili ya mbele, juu ya sakafu ngumu isiyo na mteremko. Jiwe la duara si kabari.

Legeza nati za magurudumu gari likiwa bado chini. Inua kwa jeki chini ya difu, kisha weka stendi chini ya chesisi pande zote mbili, mbele kidogo ya kishikizo cha mbele cha springi. Shusha gari likae juu ya stendi na ulitikise kwa nguvu ukiwa nje. Likicheza, anza upya. Jeki ni ya kuinulia, haimlindi mtu. Matofali ya saruji nayo hayaaminiki. Hupasuka bila kutoa onyo. Magurudumu uliyoyavua yalaze chini ya chesisi. Stendi ikisaliti, gari litaangukia tairi.

Jeki ibaki imeibeba ekseli. Ukifungua U-bolti, ekseli haina tena kinachoishikilia, na kichwa cha difu ni kizito, hupenda kuinamia mbele upande wa propela. Fanya upande mmoja uumalize ndipo uhamie mwingine. Vua shokapu kwanza, angalia hozi ya breki isivutike unaposhusha, ingiza bloku, hakikisha chuchu imekaa tunduni, funga.

Kama unafungua fungu lenyewe ili kuongeza jani, kuna nguvu iliyojificha. Majani yametengenezwa na upinde tofauti tofauti na yanalazimishwa kulala pamoja. Ukiikata senta bolti bila kuyabana, yataruka. Weka klempu mbili nzito, moja kila upande wa bolti, kisha fungua, na usisimame juu ya fungu.

Bolti za macho ya springi na za sheko zifungwe kwa mkono tu gari likiwa juu. Zikazwe kabisa likiwa limesimama chini kwa uzito wake. Ukizikaza ekseli ikiwa inaning'inia, bushi za mpira zinakamatwa katika mkao huo, na gari likishuka zinabaki zimesokotwa siku zote. Zitapasuka, na utalaumu duka la spea.

Likiwa chini, pima tena kutoka hab hadi madigadi. Chora mstari wa rangi kwenye kila nati ya U-bolti, uvuke mpaka kwenye bamba. Endesha kilomita 100 bila mzigo, urudi na spana. Kwenye gari langu, nilipofunga springi mpya baada ya ule mkasa wa bloku, nati mbili za kulia zilikubali karibu robo mzunguko. Baada ya kilomita 500 nyingine nilirudia, hakuna iliyosogea, na ndipo nilipopakia gunia la kwanza.